Siri ya mgonjwa ni amana, iwe kwenye daftari au kwenye kompyuta



Ndugu wasomaji, katika safu hii tumezoea kuzungumzia usafi wa maji, vyakula, vyoo na mazingira ya nyumba zetu. Leo tutazungumzia kitu ambacho hakionekani kwa macho, lakini kikiharibika madhara yake huingia mpaka ndani ya nyumba. Nacho ni kumbukumbu za mgonjwa, yaani yale yote yanayoandikwa kumhusu mtu tokea anapofika mapokezi mpaka anapotoka na dawa zake mkononi.

Tuanze na mambo mawili yaliyotokea kwa watu tunaowajua. La kwanza ni la mama mmoja jirani yetu hapa Mjini, mwenye presha na sukari. Alikwenda hospitali akiwa hajiwezi, faili lake likatafutwa na halikuonekana. Alipoulizwa anatumia dawa gani, alijibu kuwa ni vidonge vyeupe vidogo asubuhi na vyengine vya rangi ya waridi usiku. Daktari alifanya alivyoweza, akamwandikia dawa ya presha. Kumbe dawa hiyo hiyo mwaka uliopita ilimvimbisha midomo na ulimi, akaambiwa asiitumie tena. Alhamdulillahi binti yake alikumbuka jina la dawa kabla mama hajameza kidonge.

La pili ni la kijana aliyekuwa ameshaposa. Alikwenda kupima afya yake kwa hiari, kama inavyoshauriwa. Kabla hajapata muda wa kuzungumza na wazee wake, majibu yake yalikuwa yakizungumzwa barazani. Hakuna mtaalamu wa kompyuta aliyevunja chochote. Jamaa mmoja anayefanya kazi pale alifungua, akasoma, akamwambia mkewe, na mkewe akamwambia shoga yake. Posa ikavunjika. Kijana naye akakata mguu hospitali, hata dawa alizotakiwa kuzianza hakuzifuata kwa miezi mingi.

Katika jambo la kwanza taarifa ilihitajika na haikupatikana. Katika jambo la pili taarifa ilipatikana kwa mtu asiyehusika. Haya ndiyo mambo mawili ambayo hospitali yoyote inapaswa kuyazuia kwa pamoja, na la tatu ni kuhakikisha kilichoandikwa ni sahihi na hakibadilishwi ovyo. Mambo hayo matatu ndiyo msingi wa mazungumzo yetu ya leo.

KUANDIKA HABARI ZA MGONJWA SI JAMBO GENI

Wapo wanaodhani kuwa kuandika habari za mgonjwa ni mtindo wa hospitali za kizungu. Sivyo. Katika karne ya 9 Miladia, tabibu Ishaq bin Ali al-Ruhawi aliandika kitabu kuhusu adabu za utabibu. Ndani yake ameeleza kuwa tabibu anapomtembelea mgonjwa aandike hali yake na matibabu aliyompa, na nakala ibaki. Mgonjwa akipona au akifariki, matabibu wengine waweze kuyatazama maandishi hayo na kusema kama tabibu alifanya inavyopaswa. Kwa hiyo maandishi yaliwekwa ili yamsaidie mgonjwa na pia yamhukumu mtabibu. Mpaka leo hizo ndizo kazi zake mbili kubwa.

Kwetu Unguja, kazi hiyo kwa miaka mingi ilifanywa na kadi, daftari na faili la karatasi. Wazee wanaoikumbuka Hospitali ya Mnazi Mmoja tokea ilipokuwa ikiitwa V.I. Lenin wanajua ilivyokuwa. Unafika mapokezi, unasema jina, karani anaingia chumba cha mafaili, na wewe unasubiri kwenye benchi. Likionekana, unashukuru. Lisipoonekana, unafunguliwa jipya, na maisha yako ya kitabibu yanaanza upya kama mtoto aliyezaliwa jana.

Karatasi ina maadui wengi katika visiwa vyetu. Unyevunyevu wa bahari, mchwa, panya na mvua ya masika inayopenya darini huharibu mafaili. Isitoshe, kuna adui mwengine ambaye wengi hatumfikirii, nalo ni jina. Watu wetu hutambulikana kwa majina matatu, na majina yenyewe yanarudiarudia. Wakikaa akina Fatma Ali Juma watatu kwenye benchi moja, na mmoja wao anahitaji kuongezewa damu, kosa la karani linaweza kuwa kosa la roho ya mtu.

KOMPYUTA IMEFIKA KWETU KWA NJIA NYINGI

Zanzibar haikungojea mpaka leo kutumia simu na kompyuta katika afya. Mfano mzuri ni malaria. Mwaka 2008 vituo vya afya vilianza kutuma kwa simu za mkononi idadi ya wagonjwa wa malaria kila wiki, ili ugonjwa ukianza kupanda mahali ijulikane mapema. Mwaka 2012 ukaja mfumo uitwao Coconut. Mgonjwa akigundulika kituoni, taarifa hutumwa kwa simu, na ofisa wa malaria wa wilaya hufuatilia mpaka nyumbani akiwa na tableti, akawapima na wengine wanaoishi naye. Utaratibu huo umesaidia sana kuiweka malaria chini katika visiwa hivi.

Lakini hebu tuutazame kwa jicho la leo. Ili ofisa afike mlangoni, ni lazima ajue jina la mgonjwa, shehia yake na nyumba yake. Kwa malaria wengi wetu hatuoni haya, tunamkaribisha na kumpa kiti. Je, ingekuwa ni kifua kikuu? Ingekuwa ni ugonjwa wa zinaa, au mtu anatibiwa akili Kidongo Chekundu? Taarifa ya jina na nyumba ni ile ile, lakini uzito wake si mmoja.

Mfano wa pili ni mpango wa Jamii ni Afya, unaoendeshwa na Wizara ya Afya kwa kushirikiana na taasisi ya D-tree. Wahudumu wa afya wa kujitolea hutembelea kaya katika shehia zao wakiwa na simu maalum, wakiandika habari za wajawazito, wazazi na watoto wadogo, na simu huwaongoza nini cha kuuliza na lini mama apelekwe kituoni. Kufikia mwaka 2021 mpango huo ulikuwa umefika wilaya zote 11 za Unguja na Pemba. Ni nchi chache sana duniani zilizofikisha huduma ya namna hiyo kila wilaya. Faida yake mama mjamzito anaiona. Ila muhudumu huyo ni jirani yetu, pengine ni shemeji yetu, na ndani ya simu yake mna mambo ya nyumba nyingi.

Aidha, hospitali nazo zimeingia katika kusajili wagonjwa, kuandika dawa, kupokea majibu ya maabara na kutoza malipo kwa kompyuta. Vilevile Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ulioanzishwa kwa Sheria Namba 1 ya mwaka 2023, unahitaji kujua nani ametibiwa, wapi na kwa huduma gani, maana bila ya hayo hauwezi kulipa. Kwa hiyo leo habari za mgonjwa hazikai tena katika kabati moja. Zinasafiri.

FAIDA TUSIZIKATAE

Faili la kompyuta likitunzwa vizuri lina kheri nyingi. Kwanza, linaonekana kwa sekunde chache, na madaktari wawili katika vyumba viwili wanaweza kulisoma kwa wakati mmoja. Pili, maandishi yanasomeka. Sote tunajua hati za madaktari, na mwenye duka la dawa anayekisia ni hatari kwa mgonjwa. Tatu, kompyuta inaweza kumtahadharisha daktari kuwa mgonjwa huyu mwili wake haukubali penisilini, au kuwa dawa mbili alizoandikiwa hazipatani. Nne, likiunganishwa na namba ya mtu, kama ile ya Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, basi akina Fatma Ali Juma watatu hawachanganyiki tena.

Tano, na hili ni muhimu, faili la kompyuta linaweza kuweka kumbukumbu ya kila aliyelifungua, siku gani na saa ngapi. Faili la karatasi likisomwa na mpita njia haliachi alama yoyote. Kwa upande huu kompyuta inaweza kuwa na sitara kubwa kuliko karatasi, kwa sharti kwamba yupo mtu anayezikagua alama hizo.

HATARI ZILIPO

Hatari ya kwanza ni macho ya ndani. Kisiwa chetu ni kidogo na sote ni jamaa. Katika nchi kubwa muuguzi anaweza kusoma majina 100 asimjue hata mmoja. Hapa atamjua mtoto wa nani, kaolewa wapi na anadaiwa na nani. Hata nchi zenye utajiri na utaalamu zimepatwa na hili. Mwezi Januari 2019 Serikali ya Singapore ilitangaza kuwa orodha ya watu 14,200 wenye virusi vya UKIMWI imevujishwa. Aliyeivujisha alikuwa na uhusiano wa karibu na daktari aliyekuwa na haki ya kuifungua orodha hiyo. Kufuli lilikuwapo, lakini aliyekuwa na ufunguo hakuutunza.

Hatari ya pili ni neno la siri linalotumiwa na watu wote. Mahali pengi pa kazi utakuta kompyuta moja, neno la siri moja, tena limeandikwa kwenye kikaratasi na kubandikwa ubavuni mwa mashine. Hapo ile kumbukumbu ya nani kafungua haina maana tena, maana itaonesha jina moja tu kwa kila jambo. Kosa likitokea, asiye na hatia atashukiwa na mkosaji atajificha nyuma yake.

Hatari ya tatu ni simu za mkononi. Daktari kijana anataka ushauri wa mwenzake, anapiga picha ya karatasi ya mgonjwa na kuituma WhatsApp. Nia yake ni njema. Lakini picha ile imebaki kwenye simu yake, kwenye simu ya mwenzake, na pengine katika kundi lenye watu 80. Simu ikiibiwa darajani au mtoto akiichezea, siri imeshatoka na hairudi.

Hatari ya nne ni wezi wa mbali. Hawa huingiza programu mbaya ndani ya kompyuta za hospitali, programu hiyo ikayafunga mafaili yote yasisomeke, kisha wakadai fedha ili wayafungue. Tarehe 14 Mei 2021 huduma ya afya ya taifa ya Ireland ilivamiwa hivyo, ikabidi kuzima mifumo yake nchi nzima. Madaktari walirudi kwenye kalamu na karatasi, na ilichukua takriban miezi minne kurejesha kila kitu. Mlango waliopitia ulikuwa ni barua pepe moja yenye kiambatanisho, iliyofunguliwa na mfanyakazi mmoja mwezi Machi. Wezi walikaa ndani kimya karibu miezi miwili kabla ya kuonekana.

Tusiseme hayo ni ya Ulaya. Mwezi Juni 2024 huduma ya taifa ya maabara ya Afrika Kusini ilivamiwa kwa namna hiyo hiyo, na wavamizi wakafuta hata sehemu ya nakala za akiba. Vipimo viliendelea kufanyika lakini majibu hayakuweza kusafiri kama kawaida, na ya dharura ikabidi yatolewe kwa simu.

Na wapo wanaofanya ubaya zaidi ya kufunga mafaili. Nchini Finland, taarifa za kituo cha kutibu maradhi ya nafsi kiitwacho Vastaamo ziliibiwa, na mwaka 2020 mwizi akawaandikia wagonjwa mmoja mmoja, akiwadai fedha ama sivyo mazungumzo yao na waganga wao yatawekwa hadharani. Wagonjwa walioguswa walikuwa zaidi ya 30,000. Mtuhumiwa alihukumiwa kifungo mwaka 2024, lakini maneno yaliyokwishasambaa hayafungiki jela.

Hatari ya tano ni ya kwetu hasa, nayo ni umeme. Mzanzibari gani mtu mzima asiyekumbuka? Mwaka 2008 Unguja ilikaa gizani kwa takriban mwezi mmoja, na kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010 tukakaa miezi mitatu, kwa hitilafu ya njia ya umeme unaotoka Tanzania Bara kwa waya wa chini ya bahari mpaka Fumba. Waya mpya wenye uwezo mkubwa zaidi ulikuja 2013. Hata hivyo funzo limebaki. Hospitali iliyoweka kila kitu ndani ya kompyuta bila ya kuwa na jenereta, betri na utaratibu wa karatasi wa dharura, siku ya giza itakuwa haimjui mgonjwa wake hata mmoja.

HOSPITALI IFANYE NINI

Dawa ya hatari hizi si kuitupa kompyuta. Dawa ni utaratibu, na sehemu kubwa ya utaratibu huo haihitaji fedha nyingi.

Kila mfanyakazi awe na jina lake na neno lake la siri, na asimpe mwenziwe hata kwa dakika moja. Anayeondoka kazini au kuhamishwa afungiwe siku hiyo hiyo. Kila mtu aone kile tu kinachohusu kazi yake. Mtu wa malipo anahitaji kujua kuwa kipimo kimefanyika na bei yake, hana haja ya kujua majibu. Mtu wa mapokezi anahitaji jina, umri na namba, hana haja ya kujua kuwa mgonjwa alitibiwa nini miaka mitano nyuma.

Daktari dhamana au aliyepewa kazi hiyo akague kila mwezi nani kafungua mafaili ya nani. Faili la mtu mashuhuri, la mfanyakazi mwenzao au la jamaa wa mfanyakazi likifunguliwa na asiyemtibu, aulizwe. Watu wakijua kuwa kuna kuulizwa, mikono hutulia.

Taarifa ziwe na nakala za akiba. Kanuni inayofundishwa na mafundi ni nyepesi kuikumbuka: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe mbali na jengo. Sisi tuongeze kuwa moja isiunganishwe na mtandao kabisa, ili mwizi akiingia asiifikie. Na nakala ijaribiwe. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa ni kama ndoo ya moto iliyotundikwa ukutani bila ya kutazamwa kama imetoboka.

Simu na tableti za kazi zifungwe kwa neno la siri, taarifa zilizomo zigeuzwe fumbo lisilosomeka bila ya ufunguo, na kuwe na njia ya kuifuta simu kwa mbali ikipotea. Kompyuta ya mapokezi igeuzwe isitazamane na foleni. Karani asimwulize mgonjwa kwa sauti mbele ya watu kuwa anaumwa nini. Hili la mwisho halihitaji hata shilingi moja, na ndilo linalowaumiza watu wengi kila siku.

SHERIA INASEMAJE

Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kuhifadhiwa maisha yake binafsi na ya familia yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayotumika pande zote mbili za Muungano, inafanya kuwa ni kosa kuingia katika mfumo wa kompyuta bila ya ruhusa. Mtu aliyechungulia faili la mgonjwa asiyemhusu asidhani kuwa amefanya umbea tu.

Aidha, Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ikaundwa Tume ya kuisimamia. Sheria hiyo inazihesabu taarifa za afya kuwa ni taarifa nyeti zinazohitaji uangalizi zaidi. Hapa lakini pana jambo ambalo Wazanzibari tunapaswa kulielewa. Sheria yenyewe inasema kuwa kwa upande wa Zanzibar haitumiki katika mambo yasiyo ya Muungano, na afya si jambo la Muungano. Kwa hiyo jirani wa Dar es Salaam aliyetibiwa kule na sisi tuliotibiwa hapa hatusimami mahali pamoja kabisa kisheria. Hili ni la kufikishwa kwa Wawakilishi wetu kwa njia za heshima, ili ulinzi wa mgonjwa wa Unguja na Pemba usiwe mdogo kuliko wa mwenzake.

Tukumbuke pia kuwa siri ya mgonjwa ina mipaka yake. Kipindupindu kikiingia, au malaria ikipanda, hospitali ina wajibu wa kutoa taarifa kwa mamlaka za afya ili watu wengine waokolewe. Hiyo si kufichua siri, maana anaambiwa anayehusika kwa kiasi kinachohusika. Kufichua siri ni kumwambia asiyehusika, au kumwambia anayehusika zaidi ya haja yake.

KWA SISI WAISLAMU

Ndugu wasomaji, haya hayakuanza na kompyuta. Qur'ani katika Suratul Hujurat aya ya 12 imekataza kupelelezana na kusengenyana, na katika Suratun Nuur aya ya 27 imetutaka tusiingie nyumba za wengine mpaka tuombe idhini na tutoe salamu. Kama mlango wa nyumba unaombewa idhini, basi mwili wa mtu na ugonjwa wake ni zaidi. Mfanyakazi wa hospitali amepewa idhini ya kuingia kwa ajili ya kutibu tu. Akitumia idhini hiyo kwa jambo jengine, amehini amana.

Na sisi tulio nje tujiulize. Ni nani anayemsukuma mfanyakazi huyo? Mara nyingi ni sisi. Binti yetu anaposwa, tunampigia simu jamaa yetu wa maabara: "Hebu mwanangu nitazamie, huyu kijana hana kitu?" Njia ya halali ipo wazi. Wachumba wote wawili waende wakapime kwa ridhaa yao, na kila mmoja amwambie mwenzake kwa kinywa chake. Kumtuma jamaa achungulie ni kumharibia kazi yake na kumharibia mwengine sitara yake.

NYUMBANI TUFANYE NINI

Sehemu hii ndiyo iliyo mikononi mwetu, kwa hiyo tuitazame vizuri.

1. Kila nyumba iwe na mkoba mmoja wa karatasi za afya, mkavu na usioingia maji, wenye kadi za kliniki za watoto, majibu ya vipimo na vyeti vya hospitali. Mtu mzima mmoja au wawili wajue ulipo.

2. Kwa kila mgonjwa wa maradhi ya kudumu andikeni ukurasa mmoja: majina matatu kamili, mwaka wa kuzaliwa, maradhi yake, dawa kwa majina na kipimo, dawa zisizompatana, kundi la damu kama limepimwa hospitali, na upasuaji aliowahi kufanyiwa. Kama yule mama jirani yetu angekuwa na ukurasa huu, kupotea kwa faili kusingemtia hatarini.

3. Tumieni jina lile lile kila mnapokwenda. Leo Bi. Mwanaisha, kesho Asha, keshokutwa Mama Salum, kwa kompyuta hao ni watu watatu. Na kabla ya sindano au damu, msione haya kumwambia muuguzi kwa upole asome jina kamili na namba.

4. Anayepelekwa Muhimbili au nje ya nchi abebe nakala za karatasi. Asitegemee kuwa kompyuta ya anakokwenda itafungua faili la anakotoka.

5. Michango ya matibabu ni jambo jema, lakini tuangalie namna tunavyoiomba. Siku hizi utaona ripoti nzima ya daktari, jina, namba ya simu na picha ya mgonjwa akiwa hana hata shuka vizuri, vinazungushwa katika makundi ya WhatsApp. Mgonjwa aulizwe kwanza kama ameridhia. Akiwa hajiwezi, aulizwe aliye karibu naye zaidi. Ripoti ibaki kwa mtu mmoja muaminifu, na mwenye shaka amwone huyo.

6. Majibu ya zamani yasiyohitajika yachanwe vipande au yachomwe. Tusiyatupe jaani wala kumpa muuza karanga afungie. Karatasi ya hospitali iliyofungiwa karanga imeshasomwa na wengi.

7. Tukienda kumkagua mgonjwa, tumuombee dua, tumpelekee uji, tumfariji. Tusilichukue faili lililo miguuni mwa kitanda tukalisoma, na tusimbane kwa kumuuliza anaumwa na nini. Akitaka kusema atasema.

8. Ukipigiwa simu na mtu anayesema anatoka hospitali au mfuko wa afya, akakuuliza namba ya kitambulisho au namba ya siri, kata simu, kisha nenda mwenyewe ukaulize. Namba ya siri haiulizwi na mtu wa kweli.

9. Ukiona faili lako lina kosa, omba lirekebishwe. Ukitaka kujua nani anaona taarifa zako, uliza kwa adabu. Si utovu wa heshima kwa daktari. Ni mwili wako.

Mwisho, turudi kwa yule kijana. Baada ya miezi mingi alipata muuguzi mtu mzima katika kituo kilicho mbali na mtaani kwao, aliyemkalisha, akafunga mlango, akamsikiliza. Sasa anatumia dawa zake na hali yake ni nzuri, Alhamdulillahi. Lakini kila mwezi anapanda daladala mbili kwenda huko, wakati kituo kipo hatua chache kutoka nyumbani kwao. Masafa yale hayakuwekwa na Wizara wala na kompyuta. Yamewekwa na mtu mmoja aliyefungua kisichomhusu, na sisi tuliokaa barazani tukamsikiliza.

Tumuombe Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaowasitiri wenzao. Amin.